Mkono unaachia mapema: dalili, vyanzo na marekebisho ya nguvu ya kushika

Mtu ananunua gripa ya springi, kile kifaa cha mishikio miwili cha kubana kwa mkono, anaibana asubuhi na jioni kwa miezi miwili, halafu ndoo mbili za maji bado zinamshinda kabla hajafika mlangoni. Si uvivu. Amefundisha kazi moja ya mkono akitegemea ifanyike nyingine. Matatizo mengi yanayoletwa kwenye jimu za Dodoma, na kwa mafundi na wakulima wanaotaka mikono isiyochoka haraka, yanaanzia hapo.

Kushika kuna sura tatu. Kubana ni vidole vinne kukunjwa kuelekea kiganja huku kitu kinachobanwa kikisogea. Ndiyo kazi ya gripa. Kushikilia ni vidole vilivyokwisha kukunjwa kukataa kufunguka: dumu mkononi, au mwili mzima ukining'inia kwenye bomba. Kufinya ni gumba upande mmoja na vidole upande wa pili, kama unapoinua tofali kwa juu. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo kwenye vidole. Imelala kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, upande wa ndani, na inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Gumba lina misuli yake ya ziada kwenye kinofu cha kiganja. Upande wa nyuma wa kigasha kuna misuli ya kufungua vidole na kuinua kiganja, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko yote, ingawa bila yake kifundo hakitulii. Jaribu sasa hivi: kunja kiganja kwa ndani hadi mwisho, kisha fumba ngumi kwa nguvu. Ngumi inalegea. Hivyo ndivyo mkono unavyokuwa kila mara kifundo kinapokosa wa kukikaza.

Jipime kabla ya kutafuta dawa

Chukua vipimo vitatu siku ambayo mikono haijachoka, ukipumzika dakika tano kati ya kimoja na kingine. Kwanza, ning'inia kwenye bomba lisiloteleza, mikono imenyooka, uhesabu sekunde hadi uachie. Pili, beba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa, moja kila mkono, utembee, hesabu hatua. Tatu, finya kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 5 hivi kilichofungiwa dumu la lita 10 kwa kamba, na uongeze maji kidogo kidogo. Maji yana faida ambayo vyuma havina: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unaweza kupanda kwa nusu kilo bila kununua chochote.

Andika namba, lakini andika pia jambo la nne ambalo lina thamani zaidi: kidole gani kilifunguka kwanza, na uliachia kwa sababu ya nini. Kuachia kwa sababu vidole vilifunguka, kuachia kwa sababu ngozi iliuma, na kuachia kwa sababu kitu kiliteleza ni matatizo matatu tofauti.

Dalili: gripa inafunga vizuri, lakini dumu linaponyoka

Chanzo cha kawaida ni hicho tulichoanza nacho. Kwenye gripa vidole vinafanya kazi kwa sekunde moja au mbili kila mbano. Kwenye dumu vinatakiwa kukaa sekunde 40 au dakika nzima bila kupata nafuu. Misuli inajifunza kile inachofanyishwa. Tiba ni kubeba. Mara mbili kwa wiki, madumu mawili yenye uzito unaokuwezesha kutembea sekunde 30 hadi 40, raundi nne, mapumziko dakika mbili. Ukifika sekunde 40 kwenye raundi zote nne, ongeza lita moja kila upande. Usiongeze umbali na uzito kwa wakati mmoja.

Kabla ya kulaumu misuli, hata hivyo, tazama mshikio wenyewe. Ndoo ya plastiki yenye mshikio wa waya inakata vidole, na watu wengi huachia kwa maumivu wakati nguvu bado ipo. Kata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani chenye urefu wa sentimita 12, kipasue kwa urefu kwa kisu, kivishe juu ya waya, ufunge kwa kamba ya mpira wa tyubu. Dumu la lita 20 lina kasoro nyingine: nafasi ya mshikio ni finyu, na mwenye kiganja kipana hukuta kidole kidogo kimebaki nje au kimebanwa ukingoni. Akishika hivyo anabeba kwa vidole vitatu. Suluhisho ni kupitisha kamba ngumu kwenye mshikio wa dumu na kuifunga kwenye kipande cha bomba cha sentimita 15, kisha kushika bomba hilo katikati.

Bomba gani? Hapa wengi hukosea dukani, kwa sababu mabomba ya chuma huuzwa kwa namba isiyo kipimo halisi cha nje. Bomba la nchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33, la nchi moja na robo lina 42, la nchi moja na nusu lina 48, na la nchi mbili lina 60. Anza na la nchi moja. La nchi moja na nusu tayari ni mshikio mnene: gumba halikutani na vidole, na uzito unaoweza kubeba utashuka sana siku hiyo hiyo. Huo si udhaifu mpya. Mkono uliofunguka una nguvu ndogo ya kukunja. La nchi mbili waachie wenye mikono mikubwa.

Ukijaza mchanga badala ya maji, kumbuka mchanga mkavu una takribani kilo 1.6 kwa lita. Dumu la lita 20 lililojaa mchanga wa korongoni linazidi kilo 30, na mshikio wa plastiki haukutengenezwa kwa mzigo huo. Dumu lililokaa juani miaka miwili limekakamaa na linapasuka bila kutoa onyo, na miguu iko chini yake. Usizidishe kilo 25 kwa dumu moja, na chunguza shingo ya mshikio kila unapoanza.

Dalili: gripa inagoma milimita za mwisho

Mishikio inakaribiana, inabaki nafasi ya upana wa penseli, na hapo kila kitu kinasimama. Vyanzo ni vitatu na vinaweza kuwepo kwa pamoja.

Cha kwanza ni namna gripa ilivyokaa mkononi. Mshikio mmoja ulale kwenye kinofu cha gumba, ukielekea chini karibu na kifundo, wala si katikati ya kiganja. Mshikio wa pili ukae kwenye pingili za kati za vidole, huku kidole kidogo kikiwa kimeufikia vizuri. Springi iwe juu, karibu na kidole cha shahada, bila kukigusa. Tumia mkono wa pili kuisogeza gripa ikae sawa, kisha uuondoe. Upana wa kadi ya benki, milimita 54, ni mahali pazuri pa kuanzia mbano. Kwenye gripa za Captains of Crush za kampuni ya IronMind ya Marekani, kadi ndiyo kipimo cha kuthibitisha kwamba mtu hakusaidiwa kupita kiasi kabla ya kubana.

Cha pili ni vidole viwili vya mwisho. Mishikio inapokaribiana, kidole kidogo na cha pete ndivyo vinavyomaliza kazi, na ndivyo dhaifu. Vifundishe peke yake kwa gripa nyepesi: seti tatu za kubana mara 10 kwa vidole hivyo viwili tu.

Cha tatu ni kutofundisha eneo lenyewe. Funga gripa kwa mikono miwili hadi mishikio iguse, ondoa mkono wa msaada, ishikilie ikiwa imefungwa sekunde 5 hadi 8. Rudia mara nne kwa kila mkono. Kuna pia kuifunga gripa nzito kuliko uwezo wako kwa mikono miwili na kupambana nayo ikifunguka polepole. Inafanya kazi kweli, lakini inachosha kano kuliko zoezi lolote lililomo humu. Mara moja kwa wiki, mara tatu hadi tano kwa mkono, na si kwa mtu mwenye chini ya miezi mitatu ya mazoezi.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye gripa: zile za plastiki zenye skrubu, zinazosema kilo 10 hadi 60, zichukulie kama makadirio ya kujilinganisha na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita. Usizilinganishe na za chuma. IronMind huandika takribani pauni 140 kwa namba 1 yao, yaani kilo 63, pauni 195 kwa namba 2, na pauni 280 kwa namba 3. Mtu anayefunga gripa ya plastiki kwenye 60 mara ishirini anaweza kabisa kushindwa namba 1. Kila mtengenezaji anapima kwa namna yake, na sehemu ya mshikio ambapo uzito unapimwa hubadilisha jibu.

Dalili: kiwiko kinauma

Hili lisomwe polepole, kwa sababu ndilo linalowatoa watu mazoezini kwa miezi.

Tafuta kwanza mahali. Maumivu kwenye mfupa uliotokeza upande wa nje wa kiwiko, yanayozidi unapoinua kikombe au kiti huku kiganja kikitazama chini, yanatoka kwenye kano za misuli ya kufungua vidole na kuinua kiganja. Maumivu ya upande wa ndani, yanayozidi unapobana au kujivuta kwenye bomba, yanatoka kwenye kano za misuli ya kukunja. Kwa vyovyote, chanzo kikubwa ni kuongeza kazi haraka kuliko kano zinavyoweza kujiimarisha. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache; kano huchukua miezi. Ndiyo maana wiki ya tano au ya sita, mtu anapojisikia amekuwa chuma, ndipo kiwiko kinapoanza.

Na kazi inayohesabika si ya jimu tu. Anayepogoa mizabibu Hombolo kutwa nzima kwa mkasi amebana mara nyingi kuliko mtu yeyote wa gripa. Fundi anayegonga nyundo, dereva wa bodaboda anayekamata klachi kwenye foleni, anayelima kwa jembe ardhi ngumu kabla ya mvua: wote wameshafanya zoezi la kigasha kabla jua halijazama. Ukiongeza gripa jioni, unalipa deni kwa mkopo. Msimu wa kazi nzito ya mikono, acha kubana kabisa na ubaki na mazoezi ya kufungua.

Marekebisho kwa maumivu ya nje: kaa, laza kigasha juu ya paja, kiganja kitazame chini na kining'inie nje ya goti, ushike chupa ya maji ya lita moja. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha kishushe chenyewe kwa sekunde nne. Seti tatu za mara 15, siku moja ndiyo, moja hapana. Ikiwa nyepesi, hamia kwenye chupa ya lita moja na nusu, baadaye ujaze mchanga. Kwa maumivu ya ndani fanya vivyo hivyo kiganja kikitazama juu. Maumivu madogo wakati wa zoezi, kama tatu kwenye kipimo cha kumi, yanavumilika. Yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, punguza uzito. Tegemea wiki 6 hadi 12. Kulala kitandani bila kuutumia mkono kabisa hutuliza, lakini kano hairudishi nguvu kwa mapumziko peke yake, na siku ukirudi kwenye gripa maumivu yanarudi nawe.

Kinga yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuikosa. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli chenye upana wa sentimita moja, ambacho tayari kina umbo la pete. Kizungushe nje ya vidole vyote vitano karibu na kucha, kisha fungua mkono kwa kadiri unavyoweza, mara 25, seti tatu, kila siku unayobana. Tyubu ya pikipiki ni nzito na pana zaidi. Hamia huko ya baiskeli ikishindwa kukuchosha.

Dalili: ganzi na vidole vinavyowaka

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, ikikuamsha na kukufanya ukung'ute mkono, inaashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete inaashiria mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Acha gripa na kuning'inia, usilale umekunja kifundo au kiwiko, na kama haijaisha ndani ya wiki mbili nenda hospitali uonane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Ukiona kinofu cha gumba kinasinyaa au vitu vinakudondoka bila wewe kujua, usisubiri wiki mbili. Hakuna zoezi humu la kutibu hilo.

Vivyo hivyo kwa kidole kinachonasa kikikunjwa na kufunguka kwa mruko, au mlio wa “tak” ndani ya kidole ukifuatiwa na uvimbe: simamisha, pata vipimo.

Dalili: mkono unateleza, au ngozi inachanika

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotoka jasho, na yote yanasema chaki. Kwa Dodoma, ushauri huo ni sahihi kwa nusu ya mwaka tu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua na joto, jasho ni tatizo kweli, na chaki ya magnesi inasaidia: paka kidogo, sugua, kung'uta, tabaka jembamba tu. Unga wa sembe au poda ya mtoto si mbadala. Poda inatengenezwa ili ngozi iteleze.

Lakini Juni hadi Septemba hewa ni kavu, upepo unavuma, na ngozi ya vidole inakuwa ngumu na laini kama kioo. Ngozi kavu mno haishiki chuma. Chaki hapo inazidisha ukavu. Futa viganja kwa kitambaa chenye unyevunyevu, subiri nusu dakika ukauke juu juu, kisha shika. Utaona tofauti kwenye raundi hiyo hiyo.

Sugu ziachwe zikae lakini zisiinuke. Sugu iliyotokeza inakamatwa na bomba na kung'oka nzima, na kidonda hicho kinakugharimu siku kumi. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, zisugue kwa jiwe la kusugulia miguu hadi zilingane na ngozi ya jirani. Usiku paka mafuta ya alizeti, ambayo mikoa ya Dodoma na Singida haina uhaba nayo, au mafuta mazito ya mgando. Usipake asubuhi ya mazoezi. Na shika bomba kwenye shina la vidole, si katikati ya kiganja. Ukishika katikati, uzito unaikunja nyama ya kiganja na hapo ndipo sugu mbaya huota.

Dalili: gumba linashindwa kwanza

Kama vidole viko imara lakini kitu kinapinduka na kutoka upande wa gumba, gripa haitakusaidia, maana kwenye gripa gumba limekaa tu. Finya sahani mbili za chuma za kilo 5, nyuso laini zikiwa nje, sekunde 15 hadi 20, raundi tano kila mkono. Mbao yenye dumu inafaa zaidi kwa sababu inapanda taratibu. Unene wa sentimita 5 hadi 6 ndio unaofundisha vizuri. Mbao isipigwe rangi wala vanishi.

Dalili: namba zimesimama wiki nyingi

Angalia mambo mawili kabla ya kuongeza chochote. Je, unabana kila siku? Punguza hadi siku tatu kwa wiki: siku ya kwanza kubana na kufungua, ya pili kubeba, ya tatu kufinya na kukunja kifundo, zikiachana kwa siku moja au zaidi. Watu wengi hupanda wiki ya pili baada ya kupunguza tu. Je, gripa unayotumia unaifunga mara 30, au ni nzito kiasi kwamba mishikio haifiki hata nusu ya kufunga? Zote hazifundishi nguvu. Tafuta ile unayoifunga mara 5 hadi 8, upashe moto kwanza kwa nyepesi mara 10. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inakakamaza vidole. Usipime uwezo kabla mikono haijapata joto.

Dalili: kifaa chenyewe kinasumbua

Gripa inayolia “kwi kwi” ina vumbi kwenye springi. Ipulize, ifute, weka tone moja la mafuta ya cherehani mahali springi inapojikunja, ufute yanayotiririka. Mafuta yakifika kwenye mishikio umejitafutia tatizo jingine.

Rola ya kukunjia kifundo, yaani bomba lenye kamba na mzigo, huwa na kasoro moja kubwa: kamba inateleza kuzunguka bomba. Mwambie fundi wa kuchomelea atoboe tundu la milimita 8 katikati ya bomba la nchi moja lenye urefu wa sentimita 40, na asawazishe midomo ya tundu na ncha za bomba kwa tupa. Pitisha kamba ya nailoni ya milimita 6, piga fundo upande wa pili. Urefu wa kamba utoke bomba lilipo hadi chini, mikono ikiwa usawa wa kitovu. Ukinyoosha mikono mbele, mabega yatachoka kabla ya kigasha. Anza na dumu la lita 5 lililojaa. Pandisha kwa kuzungusha kuelekea kwako mara tatu, kisha geuza mwelekeo mara tatu nyingine, na ushushe mzigo kwa mwendo ule ule uliopandisha. Anayeliachia dumu lidondoke anapoteza nusu ya zoezi na kukata kamba mapema.